Nukta au koma? Njia tano za kupokea desimali kwenye programu, na ipi uchague

Kwenye kituo kimoja cha kukusanyia maparachichi wilayani Rungwe, kreti ilipandishwa mzanini na mzani ukaonyesha 24.5. Karani akaingiza 24,5 kwenye laptopu, akabofya Hifadhi, na programu niliyoiandika mimi ikasoma kilo 245. Mwenye mzigo alikuwa amesimama nyuma ya karani, macho kwenye skrini.

"Binti yangu," akasema, "kreti hiyo nimeishusha mwenyewe kwenye bodaboda. Ingekuwa kilo mia mbili na ushee ningeiweza?"

Karani hakuwa na kosa. Laptopu ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, yenye kibodi ya Kijerumani, na kwenye kibodi hizo kitufe cha desimali kilichopo kwenye namba za upande wa kulia hutoa koma. Alibonyeza mahali palepale anapobonyeza siku zote. Kosa lilikuwa langu: programu ilifuata kanuni za Kiingereza, ambazo kwazo koma hutenga maelfu tu, kwa hiyo ikaiondoa koma na kuziunganisha tarakimu zilizobaki. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa kilo, malipo ya 49,000 yangegeuka 490,000. Mzee yule angeweza kunyamaza, na hakunyamaza. Lakini nilijiuliza ingekuwaje kama kosa lingeelekea upande wa pili, kwa mkulima asiyeiona skrini. Angepunjwa, akashukuru, akaondoka.

Huku nyanda za juu kusini tumeteseka na lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, miaka mingi, tukadai mizani ili jasho la mkulima lipimwe kwa haki. Mzani ukisema kweli halafu programu ikasoma vibaya, mkulima hajapata kitu. Ndiyo maana nimekaa na jambo hili kwa muda, nikajaribu njia moja baada ya nyingine. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya yeyote anayetengeneza mfumo wa chama cha ushirika, duka la pembejeo, mnunuzi wa mazao au kiwanda cha mbao, na ambaye lazima achague.

Alama haifuati lugha

Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi tunaandika 1,234.5, yaani koma kwa maelfu na nukta kwa desimali. Tumeirithi kwa Waingereza. Kongo, Rwanda na Burundi walikotawala Wabelgiji, na Msumbiji walikotawala Wareno, desimali kwa desturi ni koma. Kuna jambo hapa ambalo watu wengi wa Mbeya hawajawahi kulifikiria: kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani, na Tukuyu yenyewe iliitwa Neu Langenburg. Wajerumani huandika 1.234,5 mpaka leo. Vita ilipokwisha, Waingereza walichukua Tanganyika na Wabelgiji wakachukua Rwanda na Burundi, na mpaka huohuo ukawa pia mpaka wa nukta na koma.

Kwingine kuna desturi nyingine tena. Ufaransa huandika 1 234,5 kwa kuacha nafasi kwenye maelfu, Uswisi hutumia alama ya juu, 1’234.5, na India hutenga kwa laki: 12,34,567.5. Kisheria hakuna aliyekosea. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo na mizani uliazimia mwaka 2003 kwamba desimali inaweza kuandikwa kwa nukta au kwa koma, na ukarudia azimio la 1948 kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi tupu, si kwa nukta wala koma.

Kwa anayeandika programu za Kiswahili, mtego uko hapa. Ni rahisi kudhani kwamba mtumiaji akichagua Kiswahili basi anataka nukta. Kompyuta zenyewe zinajua kwamba sivyo: kuna sw-TZ, Kiswahili cha Tanzania, na kuna sw-CD, Kiswahili cha Kongo. Ukiipa Intl.NumberFormat ya JavaScript namba moja, ya kwanza inakutolea 1,234.5 na ya pili 1.234,5. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayepita Nakonde na Tunduma kufuata mchele wa Kyela tunaongea naye Kiswahili bila mkalimani. Lakini ankara ikiandikwa "1.500", yeye anasoma elfu moja mia tano, mimi nasoma moja na nusu.

Maandishi mamoja, majibu matatu

Kabla ya kuchagua njia, jua chombo ulicho nacho mkononi kinafanya nini kikikutana na koma. Nilijaribu namba mbili. Ya kwanza ni ile ya kreti. Ya pili, 0,035, ni ujazo wa gogo dogo kwa mita za ujazo, namba ambayo mtu wa mbao kule Mafinga huiona kila siku.

| Kinachosoma | 24,5 | 0,035 |
|---|---|---|
| C#, double.Parse kwa kanuni za Kiingereza | 245 | 35 |
| JavaScript, parseFloat | 24 | 0 |
| PHP, kugeuza kwa (float) | 24 | 0 |
| Python, float | inakataa | inakataa |
| Java, Double.parseDouble | inakataa | inakataa |

Gogo moja lenye mita za ujazo 35! Hilo angalau linapiga kelele, mtu ataliona. Mimi naiogopa zaidi mistari ya JavaScript na PHP. Kilo 24 badala ya 24 na nusu haimshtui mtu yeyote. Risiti inatoka safi, mkulima anaiweka mfukoni, na ikiwa kreti mia zimepoteza nusu nusu, kilo hamsini zimeyeyuka bila mwizi. Ukikuta parseFloat kwenye kisanduku cha uzito, iondoe leo hii na uweke Number, ambayo kwa maandishi kama hayo hurudisha NaN, yaani "si namba", badala ya kukata mkia kimyakimya.

Na usidhani Java imekuokoa. Ukiacha Double.parseDouble ukatumia NumberFormat ya Kiingereza, 24,5 inarudi kuwa 245 kama kwa C#.

Njia ya kwanza: nukta tu

Kisanduku kinapokea tarakimu na nukta moja. Kikiona koma kinakataa na kusema kwa nini: "Tumia nukta kwa desimali, mfano 24.5". Ni rahisi kuandika, rahisi kumfundisha karani, na haina siri. Kwa mfumo ambao watumiaji wake wote wako Tanzania, nadhani inatosha.

Udhaifu wake niliuona kwa yule karani mwenye kibodi ya Kijerumani: kila kreti angekataliwa, mpaka avunjike moyo. Dawa yake ni ndogo. Kidole kikigusa koma ndani ya kisanduku cha uzito, weka nukta palepale, ikionekana. Hili ni tofauti kabisa na kubadilisha koma kuwa nukta wakati wa kuhifadhi. Hapa karani anaiona namba ikijiandika mbele ya macho yake na anaweza kuifuta. Ila fanya hivyo kwa kitufe kilichobonyezwa tu. Maandishi yaliyobandikwa kutoka kwingine, kama 1,250, yasiguswe, yakataliwe.

Njia ya pili: kufuata mpangilio wa kifaa

Ndiyo njia inayosifiwa sana kwenye mafunzo. Simu au kompyuta inajua iko katika mpangilio wa nchi gani, programu inauliza, inafuata. Kule ambako mtu hununua kifaa kipya dukani kikiwa kimepangwa kwa ajili ya nchi yake, inafanya kazi vizuri.

Kwetu kifaa hakisemi kweli kuhusu mwenye nacho. Nenda Mwanjelwa, Mbeya, ukaangalie laptopu zinazouzwa: moja ina Windows iliyopangwa kwa Ujerumani, ya pili Uholanzi, ya tatu Marekani. Fundi hubadilisha lugha ya maandishi ili mteja aelewe, mpangilio wa namba hubaki ulivyokuja. Na simu nyingi mitaani ziko katika Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza hata kama mwenye simu hajawahi kuandika barua ya Kiingereza. Ukifuata kifaa, makarani wawili waliokaa meza moja, wakipima mzigo wa mkulima mmoja, wanaweza kusomewa namba ileile kwa kanuni mbili.

Kuna kero nyingine. Kisanduku cha tovuti cha aina ya "number" hupeleka nukta kwenye programu kila mara, hilo ni jema, lakini kinachoonekana kwa mtumiaji hutegemea kivinjari: Firefox huangalia lugha ya ukurasa, Chrome huangalia lugha yake yenyewe. Huwezi kumwambia karani kwa simu "andika hivi" ukiwa na uhakika wa anachokiona. Mimi nimehamia kisanduku cha kawaida cha maandishi chenye inputmode="decimal", ili simu imletee vitufe vya namba na kazi ya kusoma namba nibaki nayo mwenyewe. Kumbuka tu kwamba iPhone, kwenye vitufe hivyo, huonyesha koma au nukta kulingana na eneo la simu, na mtumiaji hana kitufe cha alama ya pili. Ndiyo sababu nyingine ya kugeuza kitufe kilichobonyezwa kama nilivyosema juu.

Kwa hiyo uamuzi wangu: kifaa kitumike kupendekeza, kisitumike kuamua.

Njia ya tatu: mpangilio wa akaunti

Hapa mtumiaji, au msimamizi wa kituo, anachagua mara moja tu wakati wa kufungua akaunti. Usimwulize kwa maneno ya kitaalamu. Mwonyeshe namba mbili: "Elfu moja mia mbili na nusu unaiandikaje?" na vitufe viwili, 1,200.5 na 1.200,5. Hata asiyejua neno desimali anajua mkono wake umezoea ipi. Kuanzia hapo, popote anapoingilia, kwa simu ya jirani au laptopu ya ofisi, kanuni ni zake.

Karibu na kila kisanduku weka mfano mdogo kwa alama aliyoichagua. Nimeona makarani wakiutazama mfano huo bila kujijua, vidole vikafuata.

Gharama yake ipo. Unahitaji sehemu moja tu ya msimbo inayosoma namba, na kila kisanduku kipitie hapo. Ukiacha kimoja kisome kwa njia yake, umerudi Rungwe na kreti ya kilo 245. Pia ni lazima uamue mapema risiti inafuata akaunti ya nani. Jibu langu ni kwamba inafuata anayeipokea. Karani wa Tunduma anaandika kwa nukta, ankara ya mteja wa Kongo inatoka kwa koma.

Njia ya nne: kukisia

Naielewa sana, maana ndiyo niliyoanza nayo. Unaandika msimbo unaoangalia alama zilizopo: zikiwa mbili tofauti, ya mwisho ni desimali, ikiwa moja imejirudia, hiyo ni ya maelfu, ikiwa koma moja yenye tarakimu moja au mbili baada yake, ni desimali. Inafurahisha kuiandika na inapita majaribio mengi. 1.234,56 inaeleweka. 1,234,567 inaeleweka. 24,5 nayo inaeleweka.

Halafu inakuja 12,350.

Mizani mingi ya kidijitali huonyesha tarakimu tatu baada ya nukta, kwa sababu inapima mpaka gramu. Kilo kumi na mbili na gramu mia tatu hamsini, kwa mtu wa koma, ni 12,350. Kwa mtu wa nukta, 12,350 ni zaidi ya tani kumi na mbili. Maandishi ni yaleyale, tarakimu kwa tarakimu, na hakuna werevu wa msimbo utakaotoa jibu ambalo halimo ndani yake. Ukisema "basi nichukue ndogo", siku ya kupokea lori la mahindi Makambako utaandika kilo kumi na mbili.

Mbaya zaidi ni kwamba kukisia kunapatia mara nyingi. Karani anajenga imani, anaacha kuangalia, na ule mzigo mmoja wenye tarakimu tatu unapita. Njia hii siipendekezi mahali popote penye fedha, dawa au mbegu.

Njia ya tano: kuikimbia desimali

Visanduku viwili, kimoja cha kilo, kingine cha gramu. Hakuna nukta, hakuna koma, hakuna ugomvi. Nilidhani nimemaliza kazi. Nikakaa na dada mmoja kwenye mzani nusu siku. Mzani ukaonyesha 24.5, akaandika 24 kwenye kilo na 5 kwenye gramu. Kwake ilikuwa ni kunakili anachokiona. Programu ikahifadhi kilo 24 na gramu tano, gramu 495 zikapotea. Nilijaribu kulazimisha tarakimu tatu kwenye gramu, akaandika 005.

Kwa kuingiza, basi, njia hii ilinishinda. Lakini kwa kusoma kilichoingizwa, ndiyo bora kuliko zote, na hapa ndipo nilipopata kitu ambacho sasa nakiweka kwenye kila mfumo. Karani akishaandika 24.5, chini ya kisanduku yanatokea maneno: kilo 24 na gramu 500. Hakuna alama ya kubishania. Mkulima aliye nyuma yake anasomewa hivyo kwa sauti, na ujumbe wa simu unaomfikia unasema hivyohivyo. Kama kuna aliyeandika 245, "kilo 245 na gramu 0" inasimama pale ikimtazama kila mtu. Kwa Mtanzania na Mkongo, sentensi ni moja.

Ningechagua ipi

Mfumo wa kituo kimoja, watumiaji wote wa Tanzania: njia ya kwanza, pamoja na kugeuza kitufe na kuonyesha kilo na gramu kwa maneno. Usijipe kazi zaidi ya hiyo.

Mfumo wenye wateja ng'ambo ya Tunduma kuelekea Kongo, au wanunuzi wa Ulaya wa parachichi za Njombe na chai ya Mufindi: njia ya tatu, bila kusita, na maneno yaleyale ya kilo na gramu. Ukiwa na Zambia na Malawi tu, baki na ya kwanza. Wao wanaandika kama sisi.

Programu ya simu isiyo na akaunti, kama kikokotoo cha mbolea: hapo huna budi kukubali pendekezo la kifaa, lakini weka kitufe cha kubadilisha kwenye ukurasa wa kwanza.

Ndani ya mfumo hakuna hiari

Chochote utakachochagua kwa macho ya watu, ndani iwe nukta, au namba nzima isiyo na desimali kabisa. JSON, muundo wa kupelekeana data, hairuhusu koma kwenye namba, na SQL, lugha ya hifadhidata, vilevile. Uzito nauhifadhi kwa gramu, fedha kwa aina ya DECIMAL. Kwenye msimbo wa kupeleka data, taja kanuni waziwazi: C# ina CultureInfo.InvariantCulture, Java ina Locale.ROOT. Kwenye PHP za kabla ya toleo la 8.0, hata kugeuza namba kuwa maandishi kulifuata mpangilio wa eneo wa seva, kwa hiyo mfumo wa zamani unaweza kuwa unatoa koma bila mtu kuiandika.

Na usisome tena ulichokiandika kwa ajili ya macho. Mpangilio wa Kifaransa hutenga maelfu kwa nafasi nyembamba isiyokatika, U+202F, inayofanana na nafasi ya kawaida. Mtu akiinakili kutoka kwenye ripoti na kuibandika kwenye kisanduku, programu inakataa na yeye haoni kosa liko wapi. Ondoa aina zote za nafasi kabla ya kusoma.

Faili za Excel

Zinastahili sehemu yake kwa sababu ndiko namba nyingi zinakopita. Excel hufuata mpangilio wa Windows. Kompyuta ikiwa ya Kijerumani, kufungua CSV (faili la maandishi ambalo koma hutenganisha safu) yenye 24.5 kwa kubofya mara mbili kunaweza kukupa tarehe 24 Mei, kwa kuwa Wajerumani hutenganisha siku na mwezi kwa nukta. Na 12.350 inakuwa elfu kumi na mbili na mia tatu hamsini. Mtu akihifadhi faili hiyo, namba za awali zimekufa. Kompyuta za aina hiyo pia hutenganisha safu kwa nuktamkato badala ya koma, kwa hiyo CSV yako huweza kufunguka yote kwenye safu moja.

Anayetuma faili, atume XLSX pale inapowezekana, maana humo namba huhifadhiwa kama namba na kila kompyuta huionyesha kwa desturi yake. Anayepokea CSV, mfumo umwonyeshe mistari mitano ya kwanza kama ilivyosomwa, kwa kilo na gramu, kisha aulizwe: "Ni sahihi?" Kompyuta ya ofisi ikiwa na mpangilio wa kigeni, inarekebishwa kwenye Windows kwa kuandika intl.cpl kwenye sehemu ya kutafutia na kuchagua eneo, au ndani ya Excel kwenye Options, Advanced, kwa kuondoa tiki ya kufuata mfumo na kuweka alama unazotaka. Google Sheets ina mpangilio wake kwa kila faili, bila kujali kompyuta, na kwa kikundi chenye laptopu mchanganyiko hilo ni nafuu kubwa.

Kabla ya kukabidhi

Siku ya kumkabidhi mteja mfumo, kaa kwenye mzani wake, kwa kompyuta yake, si yako. Ingiza namba hizi kwa mkono, kisha uzibandike, kisha uzipitishe kwenye faili: 24.5; 24,5; 12.350; 12,350; 1.234,5; 1 234,5; na 0,035. Kila moja ama isomwe sawasawa na kuonyeshwa kwa maneno, ama ikataliwe ikieleza sababu. Ikitokea moja imekubaliwa ikiwa na thamani isiyo yake, funga laptopu, mwombe mteja siku mbili, urudi kwenye msimbo.